Sura ya Saba: Gesti za Kibaha, Popo wa Kisarawe

Ukilala kwenye gesti za barabara ya Morogoro, kuanzia Mbezi kwa Luis hadi Mlandizi, utakutana na mnara wa Eiffel mara nyingi kuliko utakavyokutana na mkorosho. Umetundikwa juu ya kitanda, umechapwa kwenye turubai la plastiki, na chini yake mwanamke mwenye mwavuli mwekundu anatembea kwenye mvua ya Paris. Gesti isiyo na mnara ina simba anayenguruma, au maporomoko ya maji yenye kijani ambacho hakijapata kuota popote duniani. Pazia ni satini ya zambarau. Dari ni jipsamu ya ngazi tatu yenye taa za buluu, na ukifika mwaka wa pili wa biashara nusu ya taa hizo zimeungua. Chini ya kitanda kuna kandambili za mpira zilizokatwa kipande cha kisigino, na namba ya chumba imeandikwa juu yake kwa msumari wa moto, ili mgeni asiyeona haya asiondoke nazo.

Kwa maoni yangu kandambili ndizo zilizofikiriwa kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Aliyezikata anawajua wageni wake. Aliyenunua mnara hakuwa na mgeni yeyote kichwani.

Sura hii ni ya watu wawili. Wa kwanza ni yule anayetaka kutembea mwisho wa wiki na hela ya mawazo. Wa pili ni mwenye gesti ya vyumba nane au kumi ambaye anataka kuvipa vyumba vyake sura mpya bila kwenda benki. Nimewaweka pamoja kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja: wote wanafuata mbali kitu kilichopo mlangoni. Na mahali pazuri pa kuutibu ni Kibaha na Kisarawe, miji miwili ambayo watu wa Dar es Salaam huifahamu kwa habari za viwanja na mashamba tu. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji, na basi linapopita pale abiria wengi huwa bado wanafunga madirisha na kutafuta chaji ya simu. Kisarawe iko juu ya vilima nyuma ya Pugu, na mtu haendi huko ila ana sababu. Nitakupa sababu.

Nianze na Kisarawe. Panda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha badilisha gari. Nenda Jumamosi mchana, usiende asubuhi. Utaona hapa mbele kwa nini. Kabla hujafika utapita Pugu, ilipo shule ambayo zamani ilikuwa Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh, mpaka mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya chaki na siasa, akachagua siasa. TANU ilikuwa haijafikisha hata mwaka mmoja. Benjamin Mkapa naye alisoma hapo. Ukifika Kisarawe kuna Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1925 kurithi chuo chao cha Kiungani, Zanzibar. Majengo ya shule hizi mbili yana umri na haiba ambayo hoteli nyingi za nyota nne hazina. Lakini kumbuka kwamba shule si makumbusho. Ripoti kwa mlinzi, omba ruhusa kwa mkuu wa shule, na kama ni wiki ya mitihani angalia ukiwa nje ya uzio uendelee na safari yako. Kutazama ni bure, na ustaarabu nao ni bure.

Kivutio chenyewe ni msitu. Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeivika nchi hii tangu zamani za kale, na leo yote miwili iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ikiwa hifadhi moja ya mazingira asilia. Ni michache misitu ya asili ya aina hii iliyo karibu namna hii na Kariakoo. Kuna njia za miguu, kuna bwawa la Minaki, kuna sehemu za kupiga kambi. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kwa kiwango chake, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ni ya namba ya serikali kwa simu. Hakikisha una salio na chaji kabla hujafika getini, maana mtandao wa kwenye vilima una siku zake.

Humo ndani anaishi mnyama ambaye ningependa kumwona kwenye kuta za gesti zetu kabla ya simba yeyote. Anaitwa komba wa Rondo. Ni komba mdogo mno, uzito wake unakaribia gramu 60, na mkia wake una manyoya yaliyosimama pande zote kama brashi ya kusafishia chupa. Wanasayansi walimtambua kama jamii ya peke yake katika miaka ya 1990 tu, na amewahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii 25 za nyani, komba na jamaa zao walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Anapatikana Tanzania peke yake, kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani. Simba yuko kwenye noti na kwenye jezi. Komba huyu hayuko hata kwenye kalenda ya wilaya.

Usitegemee kumwona. Hutembea usiku na haonekani kwa mtu wa siku moja. Utakachokiona kwa hakika ni popo, na ndiyo maana nikakuambia uende mchana. Mapango ya popo ya Pugu hayakuumbwa na maji wala na wakati. Ni mahandaki ya machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Wachimbaji walipoondoka, popo walihamia. Simama nje ya mlango wa handaki kuanzia saa kumi na mbili jioni, pamoja na mwongozaji wa hifadhi. Kwanza inakuja harufu, kali, ya mkojo uliokaa. Halafu wanatoka wawili watatu, wanazunguka juu ya vichaka na kurudi ndani, kana kwamba wametumwa kuangalia hali. Kisha wanatoka wote. Hawatoki kwa fujo. Wanatoka kwa mkondo mmoja unaopinda mahali pamoja kila wakati, juu kidogo ya vichwa vyenu, na upepo wa mabawa unauhisi usoni. Shughuli hiyo inachukua muda mrefu kuliko unavyodhani, na watoto huacha kupiga kelele wenyewe bila kukanywa. Tochi ielekee chini. Viatu viwe vya kufunika mguu. Usiingie ndani peke yako, na ukiingia funika pua, kwa kuwa vumbi la mavi ya popo si jambo la kuchezea mapafu.

Usiku umeshaingia, sasa unahitaji kulala. Ndipo tunapofika kwenye habari ya vyumba.

Mwenye gesti wa Kisarawe hawezi tena kusema hana maji. Mwaka 2020 maji ya Ruvu yaliletwa juu ya vilima hivi kupitia Kibamba. Ana umeme, ana barabara, ana jiji kubwa chini yake. Kinachokosekana ni sababu ya mgeni kulala kwake badala ya kurudi Gongo la Mboto na gari la mwisho. Sababu hiyo haiwezi kuwa Paris.

Duniani kuna hoteli zilizofanya chumba kuwa ndicho kinachomvuta mtu aje. Pale San Luis Obispo, California, kuna Madonna Inn, iliyofunguliwa mwaka 1958. Vyumba vyake zaidi ya 100 havifanani, na kimojawapo kimejengwa kwa mawe ili ujione unalala pangoni. Ni kichekesho, na watu wanakilipia. Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Jukkasjärvi, kaskazini kabisa mwa Sweden. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wana hoteli inayojengwa upya kila majira ya baridi kwa barafu ya mto Torne unaopita kando yake. Wasanii huja, kila mmoja anapewa chumba chake akichonge anavyotaka, na joto likirejea hoteli yote inayeyuka na kurudi mtoni. Walikuwa na baridi, giza na mto. Hawakwenda kununua minazi ya plastiki.

Kwetu, aliyeonyesha njia kwa ustadi ni Emerson Skeen, Mmarekani aliyefika Zanzibar mwaka 1989 akabaki mpaka alipofariki mwaka 2014. Alichukua nyumba kuukuu za Mji Mkongwe, ikiwemo ile ya Hurumzi iliyokuwa ya tajiri Tharia Topan, na kuzipanga kwa vitanda vya Kizanzibari vya nguzo, vioo vya rangi na vitambaa vya sokoni. Kwenye hoteli yake ya Kiponda vyumba vina majina ya wanawake wa opera na tamthilia, Aida na Desdemona wakiwemo. Unaweza kusema opera si ya Zanzibar, na mimi nitakubaliana nawe. Lakini kitanda ni cha Zanzibar, mlango ni wa Zanzibar, na ukifungua dirisha unaona bati na minara ile ile ambayo chumba kimekuwa kikikutayarishia kuiona. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: mgeni akitoka nje, je, atakutana na jamaa wa kitu alichokiona ukutani? Kama jibu ni hapana, hilo ni pambo tu, na pambo huchakaa.

Kisarawe ina hazina ambayo wengi wa wakazi wake wenyewe hawajawahi kuiona kwa macho, kwa sababu sehemu kubwa iko Ulaya. Wazaramo, wenyeji wa huku, walikuwa mafundi wa kuchonga. Walichonga nguzo za makaburi, bakora, vigoda, na viti vya enzi vyenye mgongo mrefu, mgongo wenyewe ukiwa umechongwa umbo la mtu. Makumbusho ya Berlin yanavyo vitu vya Kizaramo vilivyobebwa enzi ya Wajerumani. Umbo linalorudi kwenye karibu kila kitu ni mwana hiti: kiwiliwili cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwa chenye vilemba viwili vya nywele na bonde katikati, vifundo vidogo vya matiti na kitovu. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti amtunze kama mtoto, amwogeshe na kumpaka mafuta. Mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960 na mwaka 1970 akachapisha kitabu kizima kuhusu mila na alama zao. Mfini aliona kitu kinachofaa kitabu. Sisi hatujaona hata kinachofaa mlango wa choo.

Hapa lazima nitie breki. Mwana hiti ni kitu cha unyago. Kina wenyewe, na wenyewe wapo. Mwenye gesti akiamka asubuhi na kuagiza wana hiti 20 wa kutundikia funguo, atakuwa amefanya jambo baya kuliko mnara wa Eiffel, kwa kuwa mnara angalau haumuudhi bibi wa mtu yeyote kule Maneromango, ndani ya Kisarawe. Ushauri wangu ni kukiacha kiwiliwili na kuchukua kiti. Ule mgongo mrefu wa kiti cha enzi, ukipanuliwa kidogo, unakuwa kichwa cha kitanda. Seremala wa Kisarawe anayeweza kutengeneza kitanda cha futi 5 kwa 6 anaweza kuchonga ubao wa namna hiyo kwa mninga, au kwa mkorosho uliokatwa kwa uzee kama mninga umemshinda bei. Mistari michache ya pembe pembe inatosha. Kabla ya kuanza apelekwe Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1967, ambako nyumba ya Kizaramo imesimama kati ya nyumba za makabila mengine. Aone jinsi miti, udongo na makuti vilivyounganishwa, na apige picha. Kiingilio cha Mtanzania ni cha bei ndogo kuliko kosa moja la ubao.

Sasa tuhesabu, kwa sababu watu wa gesti hawapendi falsafa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 35 hivi. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Rangi ya maji kwenye ukuta uliolainishwa hutumia lita moja kwa mita za mraba 10, kwa hiyo mikono miwili inakula lita 6 na nusu. Ndoo moja ya lita 20 inamaliza vyumba vitatu. Chagua nyeupe ya udongo wa Pugu, siyo nyeupe ya hospitali. Mwambie fundi rangi atie rangi ya udongo kidogo kidogo kwenye ndoo na ajaribu nyuma ya mlango kwanza. Atakuambia: "Bosi, hii itaonekana chafu." Mjibu kwa upole kwamba ukuta mweupe pe ndio unaoonekana mchafu baada ya wiki mbili za migongo ya wageni.

Pazia linataka akili kidogo. Watu husikia "mapambo ya Kiswahili" na kukimbilia kanga. Kanga ina urefu wa mita 1.5 hivi na upana wa mita 1.1. Ukiitundika kwa upana wake wa kawaida kwenye dirisha la kimo cha mita 1.2, chini panabaki wazi na jirani anawaona wageni. Ukiigeuza wima inatosha kabisa, doti moja kwa dirisha moja na mikunjo juu, lakini jina la kanga linasimama wima na mgeni analala shingo upande akijaribu kulisoma. Na mwanga wa saa kumi na mbili asubuhi unapenya pamba ile bila kubisha hodi. Kwa hiyo dirishani weka kaniki au kitenge kizito chenye bitana. Kanga iweke miguuni pa kitanda: urefu wake wa mita 1.5 unalingana na kitanda cha futi 5 ukingo kwa ukingo, na jina linasomeka vizuri kwa anayeingia mlangoni. Soma jina kabla ya kununua. Kanga za mafumbo ya wake wenza si za chumba cha maharusi.

Na ukutani? Mtafute mchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyekufa mwaka 1972, alianza kwa kuchora kwenye mbao laini kwa rangi za mafuta za kawaida, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanachora pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mchoraji aliyezoea kuchora twiga atachora komba wa Rondo akionyeshwa picha. Atachora popo wakitoka handakini. Kibaha kuna kituo cha basi kinaitwa Picha ya Ndege, na bado sijaona gesti jirani yake iliyotundika ndege. Hondohondo wa msitu wa Pugu angependeza sana hapo.

Kutoka Kisarawe kwenda Kibaha watu wengi hurudi mjini na kuanza upya. Si lazima. Wilaya ya Kisarawe inafika mpaka barabara ya Morogoro pale Kiluvya, na bodaboda wanazijua njia za vumbi za kukatisha. Wakati wa masika sahau. Wakati wa kiangazi ni safari nzuri kupita kwenye mikorosho na mihogo, ila patana nauli kabla ya kupanda, na vaa kofia ngumu hata kama kijana anasema hakuna trafiki njiani.

Ukiibukia barabara ya Morogoro utaona njia nane za magari, zilizojengwa kilomita 19.2 kutoka Kimara mpaka Kibaha. Barabara hii imebadilisha biashara ya gesti kuliko mapambo yoyote. Zamani aliyechelewa alilala Maili Moja, hapo hapo Kibaha. Leo anafika Dar usiku huo huo. Mwenye gesti wa Kibaha hawezi tena kutegemea wageni waliokwama. Anahitaji waliokusudia.

Wapo. Kuwajua ni rahisi, maana kila gesti ina chombo cha utafiti ambacho haikulipia: kile kitabu kikubwa cha wageni chenye jalada gumu na mistari iliyopigwa kwa rula. Jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, kazi. Mhudumu hukijaza kwa ajili ya serikali na baada ya hapo hakuna anayekisoma. Kisome. Kwa gesti ya Kibaha utakuta ndugu wa wagonjwa wa hospitali ya Tumbi. Utakuta wazazi waliokuja shule kwa mahafali au kikao. Utakuta watumishi waliokuja semina za mkoa, wenye risiti za kuombea fedha zao, na madereva. Mtu aliyekesha wodini hataki taa nyekundu ya mahaba juu ya kichwa chake. Mtumishi wa semina anataka meza, kiti cha kukaa wima na soketi inayoshika. Mandhari ya chumba ikipuuza hayo, hata ingechorwa na nani, ni kazi bure.

Bahati ni kwamba Kibaha ina mandhari yake yenyewe inayoendana na meza na kiti. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilianza hapa mradi wao mkubwa wa kwanza wa pamoja Afrika: shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, vyote kwenye eneo moja lililokuwa pori. Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliuendesha mpaka Januari 1970, zikamkabidhi Mwalimu Nyerere, na ndiyo asili ya Shirika la Elimu Kibaha. Kazi za wasanifu wa Nordic wa enzi ile katika Tanzania, Kenya na Zambia zilifanyiwa maonyesho yao kwenye tamasha la usanifu la Venice mwaka 2014. Watu wa Venice walizitazama. Sisi tunapita mbele ya shirika tukitafuta bodaboda. Omba ruhusa getini, tembea chini ya miti, uangalie majengo ya chini yenye paa pana, madirisha yaliyopangwa yapokee upepo, na kivuli kinachomfuata mtu kutoka mlango hadi mlango. Hata bila kujua neno moja la usanifu utahisi kwamba aliyechora alikaa juani kwanza.

Chumba cha "Kibaha 1963" hakigharimu kitu kikubwa. Kuta nyeupe, mbao zisizopakwa rangi bali mafuta, kiti cha miguu myembamba, meza ya kuandikia iliyonyooka, taa moja ya kusomea. Kitu kimoja tu chenye rangi, labda mkeka wa ukindu uliotiwa rangi na akina mama wa vijijini, utundikwe ukutani mahali pa mnara. Jipsamu ya ngazi tatu iondoke. Dari tambarare na pangaboi linalozunguka bila kulia vinatosha. Fundi atasikitika, kwa kuwa ngazi ndizo zinazomlipa. Picha mbili tatu za miaka ile, zikiombwa kwa shirika lenyewe kwa barua, zitundikwe ukumbini na maelezo ya mistari miwili. Mzazi aliyekuja mahafali ya mwanawe atazisoma akisubiri chai, na kuna uwezekano akamwona mwalimu wake wa zamani.

Neti isikosekane. Kibaha ina kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, na mbu wa Kibaha hawajapata taarifa. Neti ya mduara yenye lesi ya waridi ndiyo inayouzwa kila mahali, na ndiyo inayoharibu chumba chote. Shona ya mraba kwa kitambaa cheupe, ning'iniza kwenye fremu ya mbao. Fundi cherehani anaimaliza kwa siku moja.

Kwa kurudi Dar una njia mbili. Ya kwanza ni basi au daladala hadi Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli. Ya pili ni treni ya SGR: treni ya kawaida husimama Soga na Ruvu, na zote mbili zinafikika kutoka Mlandizi kwa bodaboda. Treni ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar hadi Morogoro nzima ilikuwa shilingi 13,000, kwa hiyo kipande cha kutoka Soga ni hela ndogo kuliko soda na chipsi za wawili. Kata tiketi mapema kwa simu. Ukikosa, usilumbane na mtu wa geti. Tiketi zikiisha zimeisha.

Limebaki jambo moja kwa mwenye gesti, na hili halihitaji fundi. Nyuma ya mlango wa kila chumba kuna karatasi yenye kanuni: ni marufuku kupika, ni marufuku kuingiza mgeni wa ziada, mwisho wa kutoka saa nne asubuhi. Iache ilipo, serikali inaitaka. Chini yake bandika nyingine, iliyoandikwa kwa mkono. Ieleze gari la kupanda kwenda Minaki, namba ya ofisi ya msitu, saa ya popo, mama anayepika kisamvu cha nazi karibu na stendi, na muda wa treni ya Soga. Kila nauli iandikwe kwa penseli, na mhudumu apewe ufutio pamoja na funguo za vyumba.